Mpira wa kurusha: refa anatazama nini?

Swali: Ninafundisha timu ya vijana. Beki wetu wa kulia alirusha mpira ukaenda ukizunguka hewani, tena kisigino cha mguu wa nyuma kilikuwa juu. Refa akawapa wapinzani warushe wao. Mechi iliyofuata akarusha vilevile, refa mwingine akaacha mchezo uendelee. Yupi alikuwa sahihi?

Jibu: Kwa jinsi ulivyoeleza, mwalimu, ni wa pili. Sheria ya 15 humpima mrushaji pale mpira unapotoka mikononi. Wakati huo awe amesimama akielekea uwanjani, sehemu ya kila mguu iwe imegusa mstari wa pembeni au ardhi iliyo nje yake, na mpira urushwe kwa mikono miwili kutoka nyuma ya kichwa na kupita juu yake, pale ulipovukia mstari.

Kisigino kuinuka si kosa maadamu vidole bado viko chini. Kuburuza mguu wa nyuma pia ruhusa. Kosa ni mguu kuwa hewani kabla mpira haujaachiwa. Ukiinuka baada ya hapo, refa hana la kupuliza. Kuhusu mstari, vidole vinaweza kuingia uwanjani iwapo kisigino kimeukanyaga. Mguu mzima ukishavuka, hilo ni kosa.

Mzunguko wa mpira ndio unaopotosha wengi. Karibu kila mtu ana mkono mmoja wenye nguvu zaidi, kwa hiyo mpira kuzunguka hakuthibitishi chochote. Refa atazame mikono: je, yote miwili imerusha, au mmoja umerusha na mwingine umeusindikiza tu? Kosa la kweli ninaloona likiachwa mara nyingi ni la mipira mifupi. Mchezaji ana haraka, mwenzake yuko karibu, basi mpira unaanzia usawa wa paji la uso badala ya nyuma ya kichwa.

Mahali pa kurushia, marefa wengi huvumilia hatua moja mbili mtu akiwa nusu yake ya uwanja, lakini hubana karibu na goli la wapinzani, kwani huko mita chache zina faida kubwa.

Mrusho ukiwa na kosa, wapinzani hurusha. Ila mpira ukigusa ardhi ya nje kabla ya kuingia uwanjani, timu ileile hurudia. Mpinzani akae angalau mita 2 kutoka pale mpira unaporushiwa. Akisogea kumzuia mrushaji hupewa kadi ya njano.

Kwa beki wako, mfanyishe mazoezi bila kukimbia: miguu sambamba, mpira uguse kisogo kwanza, ndipo arushe. Akizoea, mwongezee hatua mbili, nawe simama ubavuni mwake utazame miguu, usiufuate mpira kwa macho.