Usiandike Rangi Kabla ya Kusoma: Kwa Wanaoanza Kutafiti Sare za Timu za Kwanza za Besiboli

Wengi wanaoingia katika utafiti wa sare za timu za kwanza za besiboli nchini Marekani huanza kwa kutazama picha, na hilo halina ubaya, kwa kuwa picha ndiyo inayomvuta mtu. Mimi pia nilianzia hapo. Ubaya huja pale mtafiti anapoiamini picha kwa jambo ambalo haikuwa na uwezo wa kulisema. Kwa miaka niliyofanya kazi hii nimejizoeza kuiachia picha umbo la nguo, yaani kola, vifungo, mishono, urefu wa suruali na mahali herufi iliposhonwa. Rangi naitafuta katika maandishi ya mtu aliyeiona nguo kwa macho yake, na tarehe siichukui kwenye mwandiko wa nyuma ya picha mpaka niwe nimeithibitisha kwingine.

Sababu iko katika dawa za picha zenyewe. Tangu miaka ya 1850 wapiga picha walitumia mabamba ya kioo au ya chuma yaliyopakwa kolodioni, dawa iliyohisi mwanga wa buluu kwa nguvu na wekundu karibu isiuhisi kabisa. Kwa hiyo samawati hutoka karibu nyeupe, na nyekundu hutoka nyeusi tii. Mabamba makavu yaliyofuata yaliendelea na udhaifu huo kwa kiasi kikubwa, na yale yaliyoweza kuhisi rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906 tu. Ndiyo maana soksi za timu ya mji wa Cincinnati ya mwaka 1869, zilizoipa timu jina la Red Stockings, yaani Soksi Nyekundu, huonekana nyeusi kwenye picha. Kwetu nyumbani ipo picha ya bibi aliyopigwa studio akiwa amejitanda khanga, na hakuna mjukuu hata mmoja aliyejua rangi ya khanga ile mpaka bibi mwenyewe alipotuambia.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kukosea. Katika mwaka wangu wa kwanza nilimwandikia fundi aliyekuwa akishona sare za maonyesho kwamba kifua cha shati la timu moja ya mji mdogo kilikuwa cheusi, na yeye akashona mashati tisa kwa neno langu. Miezi michache baadaye nilikuta mistari minne katika gazeti la mji ule, ikieleza kwamba kifua kilikuwa chekundu. Nilimwandikia fundi siku hiyohiyo, lakini mashati yalikwisha kuvaliwa mbele ya watu.

Picha za bati, yaani zile za bamba la chuma, zina mtego wake, nao unastahili kuangaliwa kwa makini. Picha ya namna hii hutoka moja kwa moja kwenye bamba bila kupitia negativu, hivyo huwa imegeuka kama sura kwenye kioo: mkono wa kulia unakuwa wa kushoto na maandishi yanasomeka kinyumenyume. Herufi kama B au K hukuonyesha mara moja kwamba picha imegeuka, lakini A au M ya kawaida hubaki vilevile, na unaweza kumwandika mrushaji wa mkono wa kulia kuwa ni wa kushoto bila kushtuka. Shika lenzi, tazama ncha ya mkanda imeelekea upande gani, kisha tazama vifungo vya koti la mtu yeyote aliyesimama hapo akiwa na nguo za kawaida, kwani koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia. Usitumie vifungo vya shati la mchezo kwa kazi hii, maana mashati mengi ya miaka ya 1860 yalikuwa na kipande cha kifuani kama ngao kilichofungwa kwa vifungo pande zote mbili, na kipande hicho hakitakuambia lolote.

Sasa maandishi. Sare ya kwanza tunayoijua kwa uhakika ni ya klabu ya Knickerbocker ya New York, iliyoamua tarehe 24 Aprili 1849 kuvaa suruali za sufu za buluu, mashati meupe ya flaneli na kofia za kusukwa. Tunaijua kwa sababu uamuzi uliandikwa. Vitabu vya klabu hiyo vimo katika mkusanyiko wa A. G. Spalding kwenye Maktaba ya Umma ya New York, na anayeanza atafaidika kuona jinsi sentensi moja fupi ya kumbukumbu za kikao inavyobeba uzito kuliko picha kumi.

Vilabu vingi havikuacha vitabu, kwa hiyo utarudi kwenye magazeti. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni kurasa nyingi za magazeti ya zamani, lakini ukiingia na maneno ya leo utatoka mikono mitupu. Kwanza, jina la mchezo liliandikwa kwa maneno mawili, base na ball, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19. Pili, mwandishi wa wakati ule mara nyingi hakusema sare. Alisema suti, vazi au nguo za klabu. Tatu, wino uliochakaa huifanya kompyuta isome herufi vibaya, kwa hiyo tafuta jina la timu pinzani na siku ya mchezo, kisha usome ukurasa kwa macho yako mwenyewe kuanzia juu hadi chini.

Ipo kanuni moja iliyonisaidia kuliko zote, nayo ni kusoma magazeti ya ugenini kabla ya yale ya nyumbani. Mwandishi wa mji wa timu hakuona haja ya kueleza nguo ambazo wasomaji wake waliziona kila wiki, ila timu ngeni iliposhuka kwenye treni, mwandishi wa mji uliowapokea alieleza kofia, soksi na hata viatu. Cincinnati walisafiri mwaka 1869 hadi San Francisco, miezi michache tu baada ya reli kuunganisha pwani mbili za nchi, na njia ya safari ile ndiyo ramani ya mahali pa kutafuta. Nyumbani, maelezo hupatikana zaidi mwanzoni mwa msimu, Aprili na Mei, nguo zinapokuwa mpya. Kufikia Agosti flaneli imekwisha fuliwa, imeruka rangi na imesinyaa, na hakuna anayeitaja.

Usifuate jina la timu kwa upofu. Klabu ya kulipwa ya Cincinnati ilipovunjika baada ya msimu wa 1870, kiongozi wake Harry Wright alihamia Boston na kuchukua jina la Soksi Nyekundu pamoja na soksi zenyewe. Picha inayosema tu Red Stockings inaweza kuwa ya mji wowote kati ya hiyo miwili, na hapo ndipo umbo linapokuwa na kazi: Cincinnati walivaa herufi C yenye mapambo kifuani, na Boston waliandika jina zima la mji.

Msimu wa 1882 unahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa mgeni akiona picha yake hudhani amekutana na kundi la watu waliookoteza nguo. Ligi ya Taifa, ligi ya vilabu vya kulipwa, iliamuru mwaka huo kwamba shati, kofia na mkanda vifuate nafasi ya mchezaji uwanjani. Wadakaji wote wa ligi walivaa nyekundu, warushaji samawati, aliyesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu akavaa damu ya mzee, mlinzi wa kushoto nyeupe na wa kulia kijivu. Timu ilitambulika kwa soksi peke yake: Boston nyekundu, Chicago nyeupe, Troy kijani, Buffalo kijivu, Worcester hudhurungi. Wachezaji waliyachukia mashati yale ya hariri, na mpango ukaachwa kabla msimu haujamalizika. Kwa hiyo hakuna sare moja ya Troy ya mwaka 1882. Ipo ya Mei na ipo ya baadaye, na anayeandika mwaka bila mwezi hajasema kitu. Kwenye picha ya msimu ule anza na miguu.

Maandishi ya kwenye nguo yasomwe pia kwa uangalifu. New York Giants walivaa nyeusi katika mashindano ya ubingwa ya 1905 dhidi ya Philadelphia Athletics, wakashinda, na shati lililoandikwa kwamba wao ni mabingwa wa dunia ni la 1906, ingawa watu wengi hulipachika mwaka wa ushindi. Jina la Pittsburgh liliandikwa rasmi bila h ya mwisho kuanzia 1891 hadi 1911, lakini si kila mtu alitii, kwa hiyo hilo ni dokezo tu. Namba kubwa mgongoni zilikaa kwa kudumu katika ligi kuu kuanzia 1929 na New York Yankees na Cleveland. Kuhusu kadi za sigara za 1909 hadi 1911, yaani kadi za picha za wachezaji zilizotiwa katika pakiti za sigara, ikiwemo ile maarufu ya mchezaji Honus Wagner, kumbuka kwamba rangi zake zilipakwa na wachoraji wa kiwandani juu ya picha nyeusi na nyeupe. Zipende, lakini usizinukuu kama ushahidi wa rangi.

Kwa sisi tunaofikiri kwa Kiswahili nina onyo moja zaidi. Nakili jina la rangi katika lugha ya gazeti kwanza, neno kwa neno, kisha ndipo uandike tafsiri yako pembeni. Neno drab, kwa mfano, nililitafsiri kwa muda mrefu kuwa kijivu, nalo ni la rangi iliyokaribia vumbi na hudhurungi hafifu. Kama ningekuwa sikunakili neno la asili, kosa hilo lisingeweza kusahihishwa na mtu yeyote, hata mimi mwenyewe.

Katika daftari, mpe kila vazi safu yake: kofia, shati, kipande cha kifuani, mkanda, suruali, soksi, viatu. Andika siku ya mchezo, uwanja, mpinzani, gazeti na maneno yenyewe yaliyochapishwa. Pale gazeti liliponyamaza, safu ibaki tupu, na usiijaze kwa kukisia kutoka msimu uliotangulia, maana vilabu vilibadilisha kipande kimoja na kubakisha vingine. Anza na klabu moja na msimu mmoja. Ile timu ya kifua chekundu nimeifuatilia mpaka leo, na safu ya mkanda wake haina neno hata moja. Kila toleo jipya la Aprili la gazeti la mji ule linapowekwa mtandaoni, mimi hulifungua hilo kabla ya kazi nyingine.