Jibu: Ufa wa pembe ya dirisha, Wete

Ndugu yangu, umeuliza kama ufa uliopanda kutoka pembe ya dirisha upigwe lipu tena, kama fundi alivyokwambia. Usimlipe bado. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni wa lipu tu. Wako unafuata viungo vya matofali ngazi kwa ngazi, na juu ni mpana kuliko chini. Hapo kona inazama. Mlango ulioanza kukwama ni ushahidi mwengine.

Udongo wa mfinyanzi hufura masika na kunywea kiangazi, nyumba ikachezacheza nao. Basi anza na maji: ya paa yanamwagika wapi? Yapeleke mbali na ukuta, ziba bomba linalovuja, na karo la maji machafu lisiwe linamwaga msingini. Mwembe wa karibu usiukate kwa pupa, maana udongo uliokuwa ukikaushwa na mizizi unaweza kufura ukainyanyua nyumba.

Tia alama ya penseli kwenye ncha za ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi mpaka vuli ipite. Ufa ukitulia, ziba. Ukivuka 5 mm au ukizidi kukua, mwite mhandisi, achimbe kando aone msingi umekalia nini. Kuushusha msingi hadi udongo mgumu hufanywa vipande vya kama mita 1: kipande kimoja kichimbwe chini ya msingi na kujazwa zege, zege likomae kwanza, kisha mhamie kipande kisichopakana nacho. Fundi akitaka kufukua upande mzima kwa pamoja, mpe nauli arudi kwao.