Masaa 23 yaliyobaki: barua kwa mwanangu wa Kadutu, Bukavu

Goma, siku ya pili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa siku ya Mungu nimeusoma mara mbili. Umeniuliza: "Mama, nalala saa sita usiku, naamka saa kumi alfajiri umeme ukirudi, na bado kazi zinabaki. Nipunguze nini, au nizidi kukaza?" Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa simu kati ya vocha moja na nyingine. Chukua daftari, tuhesabu pamoja.

Juma zima ni masaa 168. Toa usingizi kwanza, kabla ya kitu kingine chochote: masaa 7 na nusu kila usiku, jumla 52 na nusu. Kazi ya ofisi huko Ibanda, masaa 8 kwa siku tano na 4 siku ya posho, ni 44. Kushuka na kupanda njia, saa moja na nusu kwa siku sita, ni 9. Kuchota maji, kupika, kula, kufua na kuoga, masaa 3 kwa siku, ni 21. Masomo ya jioni, masaa 2 na nusu mara tano, ni 12 na nusu. Ibada na kuwaona ndugu, 6. Hapo tumefika 145. Yanabaki 23.

Sasa orodha uliyoniandikia: kazi za nyumbani za chuo, Kiingereza, kwaya, mazoezi ya mwili, ile biashara ya viatu na mwenzako, na kusoma vitabu. Nimejumlisha kwa makadirio yako mwenyewe, nikapata masaa 41. Hayo 41 hayaingii katika 23. Ndiyo maana unachota kwenye usingizi. Ukilala masaa 4 badala ya 7 na nusu, kwa juma unajipatia masaa 24 na nusu, na machoni hiyo inaonekana faida. Bidii unayo, mwanangu, hakuna wa kukudai hiyo. Kipimo ndicho huna.

Faida hiyo nitakuonyesha inavyoyeyuka. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walipima watu waliokaa macho masaa 17 mfululizo, wakaona uwezo wao wa kazi umeshuka sawa na wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe katika damu. Wewe ukiamka saa kumi alfajiri, masaa 17 yanatimia saa tatu usiku. Ni saa ileile unayofungua daftari baada ya chuo. Ukurasa ambao ungeeleweka kwa dakika 20 unausoma mara tatu, unafanya hesabu na kuifuta, unalala ukiamini umesoma masaa matatu. Mtu mzima anahitaji masaa 7 au zaidi, na upungufu wa siku tano haulipwi kwa kulala mchana kutwa siku ya Mungu. Kulala hivyo kunasogeza usingizi wa usiku mbele tu, ukaanza juma ukiwa umechoka tayari.

Kwa hiyo shika saa moja ya kuamka, siku zote saba. Bukavu iko karibu na ikweta, jua linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na mwanga wa asubuhi ndio unaoweka sawa saa ya mwili. Amka saa kumi na moja na nusu, toka nje ukipiga mswaki. Kulala iwe saa nne usiku. Kahawa ya mwisho, saa nane mchana. Kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu, hivyo kikombe cha saa kumi jioni, nusu yake bado inatembea mwilini saa tatu usiku. Chai ya rangi pia ina kafeini, usijidanganye nayo. Ukisinzia mchana, lala dakika 20 ukiwa umetega kengele. Ukipitisha nusu saa unaingia usingizi mzito, na utaamka kichwa kikiwa kama kimefungwa kitambaa.

Na huo umeme wa saa kumi? Uache uje wenyewe. Kabla ya kulala chomeka taa ya betri, simu na kompyuta kwenye kile kifaa cha kusawazisha umeme, maana umeme ukirudi kwa nguvu unaweza kuunguza chaja. Wewe ulale, vyombo vijae. Jioni utasomea taa uliyoijaza. Shati pia lisubiri: piga pasi ya makala siku ya posho, mashati matano kwa mara moja.

Sasa lile daftari. Kwa siku saba, gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika asubuhi: kazi gani na unadhani itachukua dakika ngapi. Kulia andika kila unapomaliza: imechukua ngapi kwa kweli. Andika palepale, kwa maneno mawili. Ukisubiri jioni utaandika unachokumbuka, na kumbukumbu ya mtu aliyechoka inajipendelea. Mwisho wa juma gawanya kulia kwa kushoto. Ripoti uliyoikadiria dakika 60 ikachukua 105, kipimo chako kwa ripoti ni 1.75, na tangu hapo kila ripoti unaizidisha hivyo. Usione aibu kuona namba kubwa. Mwaka 1994 Buehler, Griffin na Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza lini kazi yao ya mwisho. Kwa wastani walisema siku 34, wakamaliza kwa siku 55 na zaidi. Binadamu anapokadiria anaona njia iliyonyooka. Mvua, foleni na mgeni havioni.

Na Bukavu mvua unaijua. Kuanzia mwezi wa 9 hadi wa 5, njia ya kupanda Kadutu ikigeuka matope, dakika 45 zinakuwa saa na nusu, na motari naye anapandisha bei au anakataa kabisa. Basi katika yale masaa 23, weka 8 bila jina. Usiyape kazi hata moja. Hayo ni ya mvua, ya bomba lililokauka, ya msiba, ya mtoto wa jirani anayepelekwa hospitali usiku. Wengi wanaona kuacha nafasi tupu ni uvivu. Mimi naona mpango usio na nafasi tupu haumalizi siku ya pili ya juma kabla haujavunjika. Yanabaki 15. Chagua mambo mawili tu kati ya yale sita. Kazi za chuo hazina mjadala. La pili uchague mwenyewe, na yale manne uyaandike ukurasa wa nyuma pamoja na tarehe ya kuyaangalia tena, miezi mitatu mbele. Viatu, kwa maoni yangu, vingoje: biashara ya watu wawili ambapo mmoja hana muda huwa inakula urafiki kabla ya mtaji.

Jambo ambalo wengi hawalioni ni kwamba masaa hayana uzito mmoja. Chukua sufuria ya maharagi. Umeyaloweka tangu usiku, umeyaweka kwenye mbabula saa nane siku ya posho, na yanaiva kwa masaa mawili hivi. Kila dakika 20 unafunua, unaongeza maji ya moto, unasogeza makala. Muda huo umekatika vipande, kwa hiyo usiufanyie hesabu za chuo, utaunguza vyote viwili. Unafaa kupiga pasi, kupanga noti, kujiuliza maneno ya Kiingereza. Wakati mtulivu kweli, ambapo hakuna anayekuita, ni ule wa saa kumi na mbili hadi saa moja asubuhi. Huo ndio dhahabu yako, na leo unautumia kujibu watu kwenye WhatsApp. Weka hapo kazi moja ngumu kuliko zote: dakika 25, pumzika 5, kisha 25 tena. Zimetosha.

Simu ikae chumba kingine au ndani ya mkoba uliofungwa. Kuipindua juu ya meza hakutoshi, mkono unaijua. Ifungue mara tatu kwa siku, saa zinazojulikana, na waambie watu wa nyumbani: la haraka, pigeni, msiandike. Kila unaporuka kutoka kazi moja kwenda nyingine, sehemu ya akili inabaki nyuma kwenye ile uliyoacha. Sophie Leroy alilieleza hilo mwaka 2009. Basi ukilazimika kuacha kazi katikati, andika mstari mmoja: nimefika hapa, nikirudi nianze na hiki. Fanya hivyo pia kabla ya kulala, dakika 5, kazi za kesho zote kwenye karatasi. Kichwa kinaacha kuzirudiarudia ukiwa gizani.

Kuhusu kusoma, nitakuwa mfupi. Kurudia kusoma ukurasa kunakupa hisia ya kujua, na hisia hiyo inadanganya. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma andiko mara nne na wale waliolisoma mara moja kisha wakajipima mara tatu bila kulitazama. Baada ya juma moja wa kwanza walikumbuka asilimia 40, wa pili 61. Funga daftari, andika unachokumbuka, fungua, sahihisha kwa kalamu nyekundu. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya juma.

Linalokusumbua zaidi nadhani ni watu, ingawa hukuliandika. Shangazi anakutuma Nyawera, mjomba anataka umsindikize bandarini, unaona haya kukataa. Usikatae mtu, taja siku. Mwambie: "Shangazi, leo sitaweza, lakini siku ya posho saa kumi nitakuwa kwako, nitakuletea." Kisha nenda kweli, saa hiyohiyo. Ukishatimiza mara tatu, neno lako litaaminika, na hakuna atakayesema mji umekubadilisha. Kibaya ni "nitaona" na "tutajaribu", maana anayesikia hivyo anakungoja, naye akikungoja bure anakasirika kwa haki.

Usianze yote haya siku moja. Anza na saa ya kuamka na daftari. Utafiti mmoja wa London, wa mwaka 2010, uliona tabia mpya inazoeleka kwa wastani wa siku 66, wengine 18, wengine wakakadiriwa hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Kwa hiyo ukikosa siku ya tatu, endelea ya nne, usianze kuhesabu upya. Ifunge tabia mpya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya: nikishaweka maji ya chai motoni, nafungua daftari. Mazoezi usiyatafutie muda wa pekee. Mwili unataka angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kwa juma, na mteremko wenu unatosha. Siku tano, nusu saa, rudi kwa miguu, ukiwa na mwenzako kama kumeshakuwa giza.

Na ikiwa umelala vizuri majuma mawili mfululizo na bado unaamka umechoka, usizidishe kahawa. Nenda kituo cha afya, wapime malaria na wingi wa damu. Ikiwa ni huzuni isiyotoka majuma mawili, chakula hakina ladha, mambo uliyoyapenda yamekuwa mzigo, mweleze daktari hivyohivyo, halafu unipigie, hata usiku. Jambo kama hilo ratiba haiwezi kulitibu, nami sitaki ulibebe peke yako.

Nimekununulia saa ndogo ya mezani, ya betri moja, yenye kengele, ili simu isilale kando ya kichwa chako. Inakuja na boti ya kesho kutwa, imefungwa ndani ya kitenge cha kijani pamoja na daftari mbili za kurasa 96. Nitakutumia namba ya aliyeibeba. Ukurasa wa juma la kwanza ukijaa, upige picha unitumie siku ya Mungu jioni, na makosa yake yote.

Mama yako