Kabla ya Kubandika Karatasi Mlangoni

Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Haukupita muda tukaamriwa kupunguza wagonjwa wa kliniki. Nilikuwa nasimamia kliniki ya ngozi katika hospitali moja ya Kisumu, nikabandika karatasi mlangoni: asiye na dharura arudi baada ya miezi mitatu. Nilijiambia ngozi haiui.

Mwezi wa Mei mama mmoja wa upande wa Ahero aliletwa na mwanawe kwa bodaboda. Alikuwa na pemfigasi, malengelenge yanayopasuka na kuacha vidonda mdomoni na mgongoni, na tulikuwa tumeyatuliza kwa prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama homoni ya mwili. Dawa zilimwishia. Nauli ilikuwa imepanda, maana matatu ya abiria 14 ilibeba 8 tu, na karatasi yangu ilishamwambia asije. Mtu akimeza prednisoloni kwa muda mrefu, mwili huacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Akiikatiza ghafla, presha huanguka. Alifika hawezi kusimama, shuka imegandamana na mgongo.

"Daktari, si mlisema tusije?"

Alipona baada ya majuma mengi wodini. Swali lake sijalisahau.

Basi, wewe unayesimamia kliniki, ukiambiwa ufunge, chukua rejista kabla ya gundi. Watafute wanaomeza prednisoloni au methotrekseti, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga ya mwili, wenye saratani ya Kaposi, ile inayoota ngozini, walio katikati ya matibabu, na mwenye doa jeusi linalokua kwenye wayo, maana huenda ni saratani. Wapigie simu mmoja mmoja. Chunusi na mashilingi, yaani choa, vinaweza kungoja. Aliyebabuka mwili mzima na kuchubuka mdomo baada ya kuanza dawa mpya, kwa mfano septrini, dawa ya kuua bakteria, aje leo hii, hata kama kafyu inakaribia. Sisi tulipiga simu alasiri tatu mfululizo, dawa za miezi miwili zikachukuliwa dirishani na jamaa wa mgonjwa. Karatasi nayo tuliiandika upya, kwa Kiswahili na Dholuo: usikatize dawa kabla ya kutupigia.

Picha ambazo wagonjwa walitutumia kwa simu zilitusaidia, ila mwelekeze mgonjwa. Asimame karibu na mlango mchana, apige moja ya mbali na moja ya karibu, sarafu ikiwa kando ya kidonda. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Huwa zambarau, kijivu, au weusi uliozidi tu. Kwa hiyo uliza: panawasha? Pana joto? Panauma? Na picha hizo zisikae kwenye simu yako binafsi. Idara iwe na simu yake.

Usiwasahau wauguzi wako. Kunawa na kupaka sanitaiza mchana kutwa kuliwapasua mikono, na mmoja alikuwa akinificha viganja vyake asionekane mlegevu. Niliweka kopo la mafuta ya mgando kando ya kila sinki, nikawa wa kwanza kupaka mbele yao.