Nyasi za pambo kwenye kichanga: maswali na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa wenye bustani za kichanga kikavu, wanaotaka nyasi za asili za mahali wanapoishi.

Udongo wangu ni kichanga kitupu. Nichanganye samadi kabla ya kupanda?

Hapana. Najua inaumiza kupanda mche kwenye udongo unaoonekana hauna kitu, lakini nyasi iliyozoea kichanga huharibiwa na ukarimu. Ukiishindilia mbolea, inatoa majani marefu na laini, kisha masuke yakianza kulemea inalala chini huku na huku, na kati panabaki wazi. Rutuba hiyohiyo inayaita magugu, nayo hukua haraka kuliko nyasi yako.

Nyasi nyingi za jangwani zina namna yake ya kuishi humo. Mizizi hutoa ute unaonata, chembe za mchanga zikashikamana nayo hadi mzizi ukavaa mchanga kama soksi. Soksi hiyo huukinga mzizi usikauke na huusaidia kuvuta unyevu kidogo uliopo. Ukiing'oa taratibu nyasi ya jenasi ya Stipagrostis utaiona kwa macho. Nguvu ulizotaka kuzimalizia kwenye samadi zipeleke kwenye kung'oa magugu ya mizizi inayotambaa, kabla hujapanda. Baadaye yatajificha katikati ya mashina na hutayatoa tena.

Nimwagilie kila siku?

Ni siku za mwanzo tu. Nyasi kustahimili ukame ni jambo la nyasi iliyokwisha kushika ardhi, si la mche uliotoka kitaluni jana. Wengi wanaupoteza mche hapa, kwa kuiamini sifa yake mapema mno. Loweka shimo kabla ya kupanda, na wiki mbili za kwanza usiache udongo unaozunguka mizizi ukauke. Baada ya hapo ongeza siku kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, lakini kila zamu mwaga maji mengi yashuke chini. Kunyunyiza kidogo kila jioni kunaifundisha mizizi kukaa juu, na juu ndiko jua linakopiga.

Kuna mtego mmoja zaidi. Kichanga kilichokauka sana hukataa maji, kwa sababu mabaki ya mimea huziachia chembe zake utando kama wa nta. Maji hukaa juu kama shanga au hukimbilia pembeni, nawe unadhani umemwagilia. Chimba kwa kidole baada ya kumwagilia: ukikuta vumbi chini ya ngozi nyembamba ya unyevu, ndiyo hali hiyo. Tengeneza kisahani kuzunguka mche, mwaga kidogo, subiri yanywewe, rudia mara tatu au nne. Nyasi ikimaliza msimu wake wa kwanza salama, iache itegemee mvua, isipokuwa kiangazi kikiwa kikali kupita kawaida.

Nilikusanya mbegu za Themeda triandra nikazisia papo hapo. Hazikuota.

Zilikuwa zimelala. Mbegu mpya za nyasi hii huhitaji kukaa miezi kadhaa mahali pakavu, hata kufikia mwaka, ndipo ziamke. Pia minya chache kati ya vidole, maana maganda mengi huwa matupu. Yenye punje utaisikia ngumu. Na usiikate ile ndevu ndefu nyeusi inayotoka kwenye mbegu. Ikilowa hujizungusha, ikikauka hujikunja tena, na kwa kuzunguka huko mbegu hujipenyeza yenyewe ardhini. Wewe lainisha udongo wa juu, zitandaze na ufunike kidogo sana. Nimeitazama ndevu hiyo ikizunguka kiganjani mwangu mara nyingi na bado inanishangaza.

Shina limekufa katikati, limebaki pete ya kijani.

Ni uzee. Mwanzoni mwa msimu wa ukuaji ling'oe, ligawe kwa jembe au kisu kikali, panda vipande vya pembeni vyenye machipukizi na mizizi, tupa kiini. Usivifukie kupita kimo vilichokuwa nacho, kwa sababu kitako kikizama huoza.

Nimependa Cenchrus setaceus kwa masuke yake ya zambarau. Inafaa?

Inategemea uko wapi, na hapa naomba usikilize. Asili yake ni Afrika ya kaskazini na mashariki hadi Mashariki ya Kati. Ilipopelekwa Hawaii kuwa pambo ilitoroka bustanini, na nyasi zake zilizokauka hubeba moto hadi kwenye mimea isiyozoea kuungua. Ndugu yake Cenchrus ciliaris, malisho mazuri kwao, ni balaa katika jangwa la Sonora, mpakani mwa Marekani na Mexico, na sehemu za Australia. Kama kwenu si kwao, chagua nyingine, hata kama kitalu kinaiuza.

Niikate lini?

Muda mfupi kabla ya machipukizi mapya, ukiacha sentimita 10 hadi 15. Themeda hasa isipokatwa miaka kadhaa hujizibia mwanga kwa majani yake makavu na kudhoofika. Vaa glavu, kwa kuwa kingo za majani ya baadhi ya nyasi hukata ngozi.