Maswali ya Wasomaji: Springi za ziada haziongezi nguvu ya breki

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu mume wangu aliniachia tipa la tairi kumi linalosomba mchanga kutoka Mkuranga hadi kwenye maeneo ya ujenzi huku Kimara na Goba. Dereva ananiomba fedha za kuongeza vipande vya springi ili bodi lijazwe hadi lifanye kichuguu, kwa kuwa wateja hununua kwa tripu na hakuna anayeuliza tani. Anasema gari likisimama wima bila kulala, halijazidiwa. Je, ni kweli?
Mama mwenye tipa, Kimara.

JIBU: Mama, si kweli, na ombi lenyewe ndilo linalotia wasiwasi. Springi nene huzuia gari lisiiname, kwa hiyo huondoa dalili ambayo ingemwonya dereva, huku breki, tairi na ekseli (vyuma vinavyoshika magurudumu) zikibaki na uwezo uleule wa kiwandani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, inaliruhusu lori la tairi kumi kufikisha tani 26 pamoja na mzigo: 8 mbele na 18 nyuma. Tipa tupu huwa na tani 10 hadi 12. Mchanga mkavu wa mita za ujazo 10 una takriban tani 16, lakini ukilowa, ujazo huohuo hufika 19 au zaidi. Ndiyo maana tripu ya asubuhi baada ya mvua ya masika si sawa na ile ya Januari, ingawa bei na bodi havijabadilika.

Hatari hujitokeza kwenye vilima vya Goba. Breki husimamisha gari kwa kugeuza mwendo kuwa joto, na kila tani inayoongezeka huongeza joto hilo. Dereva akishuka huku amekanyaga breki mfululizo, dramu za magurudumu, yaani ngoma za chuma ambazo breki huzibana, hutanuka na kuachana na breki, msuguano hupungua, na pedali aliyoitegemea hukosa nguvu wakati mbele yake pana bajaji na wanafunzi wanaovuka. Kwenye kupanda, injini ikizidiwa, gari huweza kurudi nyuma juu ya walio nyuma yake. Tairi nazo hujikunja kupita kiasi, huchemka na kupasuka, na ikipasuka ya mbele usukani huvutwa upande mmoja.

Barabara pia huumia: majaribio yaliyofanyika Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalionyesha kwamba ekseli iliyozidishiwa asilimia 20 huharibu lami karibu mara mbili.

Nisingemlaumu dereva peke yake. Kama mnamlipa kwa tripu au kwa wingi wa mchanga, mmemwekea sababu ya kujaza, na akikataa atatafutwa mwingine. Mlipeni mshahara unaoeleweka. Lipimeni gari kwenye mzani likiwa na mchanga mkavu, kisha mchanga uliolowa, mchore mstari ndani ya bodi kwa kila hali, na mchanga ufunikwe kwa turubai ukiwa chini ya kingo za bodi. Fedha za springi mpeni fundi akague breki, mipira ya upepo na tairi, na vile vipande vilivyokwisha kuongezwa, kama vipo, aving'oe.