Unataka Kuhamia Sola? Anza na Betri

Msomaji mmoja wa Singida ameniandikia wiki hii: "Dada, nimechoka na luku, nataka nyumba nzima niihamishie sola. Ninunue paneli ngapi?" Swali hili naulizwa sana, na karibu kila mtu anaanzia hapohapo kwenye paneli. Mimi naishi na sola hapa Dodoma tangu ule mgao wa mwishoni mwa 2023, kwa hiyo nijibu kwa niliyoyapitia.

Kipindi kile nilikuwa nauza barafu na juisi ya ubuyu nyumbani. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi usiku, na kila ukirudi nakuta juisi imeshachacha. Nilimwaga ndoo kwa ndoo mpaka wateja wangu wakahamia kwingine. Nilipoleta wazo la sola kwenye kikao cha familia, shemeji akasema mbele ya watu wote kwamba naenda kutupa hela juu ya bati, sola ni ya kuchajia simu kijijini. Maneno yale yaliniingia. Hakuna aliyenichangia hata mia. Nilitumia hela yangu ya kikoba. Leo mtaa mzima ukiwa giza, watoto wake wanakuja kusomea sebuleni kwangu, na mwezi uliopita ameniomba namba ya fundi. Nilimpa.

Duka la kwanza liliniuzia betri ya jeli iliyoandikwa 200Ah, yaani ampea-saa 200, kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Fundi alipoinyanyua tu akaguna: "Mama, mbona nyepesi hivi?" Betri ya jeli ya ukubwa huo huchosha wanaume wawili, ile aliibeba peke yake kama mfuko wa unga. Tuliirudisha jioni ileile, wakagoma kurudisha hela yote. Hadi leo inaniuma.

Fundi huyo ndiye aliyenikalisha chini na daftari, tukaandika vyote vinavyowaka baada ya jua kuzama. Taa sita za wati 7 kwa saa tano, wati-saa 210 (idadi mara wati mara saa). Televisheni ya wati 60 kwa saa tano, 300. Feni ya wati 50 kwa saa nane, 400. Friza langu usiku kucha, kama 500. Jumla 1,410. Betri ya volti 12 yenye 200Ah hubeba wati-saa 2,400 (12 mara 200), lakini ya jeli ukiizoesha kwenda chini ya nusu inakufa mapema, maana yake unayo 1,200 tu. Haifiki asubuhi. Ya lithiamu ya ukubwa uleule unaweza kuitumia mpaka asilimia 80, yaani 1,920. Ni ghali zaidi, nikasubiri, nikanunua hiyo.

Paneli zilikuja mwisho. Zangu zinatazama kaskazini kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na zimeinamishwa kidogo ili mvua izioshe. Kiangazi hakuna mvua, na vumbi la Dodoma mnalijua: linaganda juu ya kioo, chaji inashuka. Alfajiri, kabla kioo hakijapata moto, napanda ngazi na kitambaa chenye maji.

Ndugu zangu, hasa kina mama mnaofanya biashara nyumbani, acheni kununua kwa macho. Hesabu usiku wako kwanza, ndipo uingie dukani. Na ukiwa na friji, usiangalie wati zake za kawaida tu: linapoanza kuwaka huvuta mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi, na inveta ndogo, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kutumia nyumbani, itazima.

Luku sijaikata. Pasi inakula wati 1,000 na zaidi, jagi la kuchemshia hata 2,000. Hivyo nimeviacha kwenye gridi. Wengine wananiuliza sola ya nini tena, wakati mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji uliwashwa Februari 2024, na bwawa lote ni la megawati 2,115. Bwawa nalifurahia, maji nayo ni nishati safi. Ila nguzo ikianguka mtaani kwako, megawati hizo hazikufikii.

Betri ukishaichagua, dai risiti yenye namba ya betri na muda wa waranti. Muuzaji akisita kuviandika, toka, nenda duka la pili.